Bwana Moshi

Ukifika kijijini Belauna ukauliza nyumbani kwa Bisheshwar, watu watakukodolea macho kama umeshuka stesheni isiyo yako. Uliza kwa Bwana Moshi, hata mbuzi atakuonyesha njia. Na usidhani jina kalipata kwa kuvuta. Mzee wa watu hata tambuu hajawahi kutia mdomoni. Jina kalipata kwa hotuba. Hotuba moja, ileile, aliyoanza kuitoa nywele zake zikiwa nyeusi tii, na akaendelea nayo mpaka kichwa kikawa kama pamba iliyopasuka.

Na hotuba ilikuwa tamu, tusimnyime haki yake. Ilianza na Daktari Lohia, yule kiongozi wa wasoshalisti wa kwetu. Bisheshwar hakuwahi kuonana naye, maana alipoingia chuo pale mjini Samastipur, Lohia alikuwa ameshafariki. Ila vijitabu vyake vilikuwa vinazunguka mabwenini kama video za vichekesho zinavyozunguka leo. Kijana akavisoma, vikamwingia, havikutoka tena. Kwamba usoshalisti wa kuazima Ulaya hautufai mzimamzima. Kwamba hapa kwetu umaskini una jina la ukoo, mtu anazaliwa nao kabla hajafumbua macho. Kwamba mapinduzi ni saba na yote yaende pamoja, na la kwanza kutajwa ni la usawa wa mwanamume na mwanamke. Na kilichommaliza kabisa ni kwamba huyu alikuwa mwanasiasa asiyeona haya kusimama mbele za watu akaongelea moshi wa jikoni na choo cha mama.

Hapo ndipo Bisheshwar alipochukua chake. Akifika kwenye moshi alinyamaza kidogo, akavua miwani, akafuta macho kwa kitambaa cha begani, halafu akapasua: "Ndugu zangu! Mama zetu wanalia asubuhi, wanalia jioni, na sisi tumekaa tunasema wanapika!"

Makofi! Watu wanasimama! Wengine nao wanafuta macho.

Mtu mmoja tu ndiye hakuwahi kupiga makofi, kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Huyo ni Sonmati, mke wake. Na habari hii yote ni habari ya pumzi za Sonmati, na ya mume aliyezitetea kote wilayani isipokuwa nyumbani kwake.

Lakini tusimwonee. Bisheshwar hakuwa mnafiki wa kawaida, wale wa kuuma huku na kupuliza kule. Mambo makubwa aliyafanya, tena kwa gharama. Alizaliwa ukoo wa wenye mashamba, watu ambao mpita njia akiwakuta anashuka kwenye baiskeli. Akaukata ule uzi mtakatifu wa begani unaovaliwa na matabaka ya juu, akautupa kisimani. Akalikata jina la ukoo, linalotaja tabaka la mtu, akabaki Bisheshwar tupu, kama kikombe kisicho na mkono. Baba yake akamtazama juu mpaka chini, akamwambia, "Uzi umekata, jina umekata. Imebaki pua. Kata na hiyo tujue moja!" Kisha akampa nyumba ya zamani ya mwisho wa kijiji na kipande cha shamba, almradi asimwone kila siku.

Na alipooa, hakuoa kwao. Sonmati alikuwa binti wa wafuga ng'ombe, tabaka la kuzaliwa ambalo baba yake Bisheshwar alilikaribisha uani tu, tena likiwa limebeba ndoo ya maziwa. Hakuchukua mahari, ambayo kwetu hutolewa na wazazi wa bibi harusi, hata sufuria. Siku ile alimwambia bibi harusi, mbele ya watu, "Nyumba hii haina bwana wala mtumwa." Sonmati alikuwa chini ya mtandio, hakuna aliyeuona uso wake. Baadaye aliwasimulia wanawake kisimani kwamba siku ile alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Kilichofuata ni chungu.

Wasoshalisti wa kwetu walikuwa na sharti moja: mkitaka kuvunja matabaka, kaeni mle pamoja. Sio kuhutubia, kula. Mstari mmoja chini uani, mwenye shamba bega kwa bega na mfagia choo, chungu kimoja, kijiko kimoja cha kupakulia. Mlo wa kwanza kwa Bisheshwar kijiji kilichafuka. Watu walipanda juu ya mapaa kuangalia kama walaji wataanguka wafe. Hawakufa. Waliongeza dengu. Basi mlo ukawa kila mwezi, na Oktoba, siku ya kumkumbuka Lohia, wakawa wanakuja na wa wilaya za jirani, hadi mstari unatoka nje ya geti na kuingia barabarani.

Sasa watu wote hao wanapikiwa na nani?

Bilat ndiye aliyeuliza. Bilat alikuwa kinyozi, na alikuwa rafiki wa Bisheshwar tangu chuo, chuo ambacho yeye Bilat alikuwa nje ya geti na kiti chake na wembe wake. Akasema, "Kaka, tutafute mpishi tumlipe. Watu wamekuwa wengi."

Bisheshwar akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Tuajiri mtu atupikie, halafu sisi tukae kwenye mkeka tulaani unyonyaji? Bilat, una akili wewe?"

"Kwa hiyo shemeji yeye hanyonywi?"

"Shemeji yako sio mwajiriwa. Ni ndugu katika mapambano."

Bilat akageukia mlango wa jikoni akapaza sauti, "Shemeji! Umesikia? Umepandishwa cheo!"

Ndani kukatoka moshi kwanza, sauti baadaye. "Kina mshahara?"

"Hakina!"

"Basi kirudishe kilikotoka."

Walicheka wote mpaka mmoja akapaliwa na maji. Bisheshwar ndiye aliyecheka zaidi. Alikuja kuukumbuka mzaha huo miaka mingi baadaye, amekaa kwenye benchi la hospitali, na hakupata tena pa kuchekea.

Ndani ya jiko lile mambo yalikuwa hivi. Jiko la udongo, chini, mtu anachuchumaa. Kuni zikiwepo ni kuni. Zisipokuwepo ni mavi ya ng'ombe yaliyokandwa na kukaushwa ukutani, na hayo yakiwa na unyevu, moshi wake hauendi juu, unatembea chini ukitafuta macho. Dirisha dogo la kupitisha paka. Sonmati alipuliza kwa bomba la chuma, akageuza mikate kwa vidole, akatoka mlangoni kuvuta hewa mara moja, akarudi. Alikuwa na mzaha wake: akiulizwa mbona macho mekundu, alisema, "Nimeguswa na hotuba."

Jamani, haikuwa kwamba Bisheshwar hakuona kabisa. Mwaka wao wa kwanza aliahidi jiko lisilo na moshi. Alilichora mwenyewe, na bomba la udongo la kutolea moshi juu, litengenezwe na mfinyanzi wa hapahapa, sio kiwanda cha mbali, maana Lohia alitaka mashine ndogo zinazokaa mikononi mwa wanakijiji. Akapanda juu ya paa akatoboa tundu. Kabla bomba halijafika, ikaja kampeni. Baada ya kampeni yakaja maandamano ya wanafunzi. Baada ya maandamano ikatangazwa hali ya hatari, akabebwa akafungwa. Alipotoka gerezani alikuta lile tundu limenyeshewa misimu kadhaa, na Sonmati ameliziba kwa debe lililopondwa.

"Nitalimaliza baada ya uchaguzi, mama Samta," alimwambia mkewe.

"Upi?" akauliza Sonmati.

Na alikuwa na haki ya kuuliza, maana kwetu uchaguzi hauishi. Ukimaliza wa bunge kuna wa jimbo, ukimaliza wa jimbo kuna wa kijiji, na Bisheshwar aligombea yote, akaanguka yote, kwa heshima.

Mtoto walimpata mmoja, wa kike, wakamwita Samta, yaani usawa. Akakua, akasoma uuguzi, akapata kazi Patna, mji mkuu wa jimbo. Akaanza kurudi likizo na macho ya kihospitali, yale ya kumtazama mtu anavyopanda ngazi. Likizo moja akashuka kwenye riksho, ile baiskeli ya kubebea abiria, na mtungi wa gesi, jiko la chuma, na mpira wake.

Bisheshwar alikuwa barazani na wenzake. Akainua mkono kama trafiki. "Hicho nini?"

"Gesi, baba. Ya mama."

"Na kule nyuma ya bwawa?" Nyuma ya bwawa kuna kitongoji cha Wamusahari, watu walio wa mwisho kwenye kila foleni tangu foleni zilipoanza. "Wao wamepata? Gesi haiingii nyumba hii mpaka iingie nyumba ya mwisho kule. Ndiyo maana ya usawa. Ndiyo maana ya jina lako."

"Baba, mama anakohoa."

"Na mama zao wanaimba?"

Wenzake wakatikisa vichwa kwa kumkubali. Samta akashusha pumzi. "Muulize mwenyewe basi. Yupo hapo ndani."

"Mama yako anajua msimamo wetu."

"Wetu, wewe na nani?"

Kule jikoni bomba la kupulizia lilikuwa limenyamaza. Sonmati alikuwa anasikiliza, hilo Samta alilijua, na angeuliza tena, lakini mzee mmoja pale barazani alishaanza kupiga makofi. Mtungi ukarudi na riksho ileile. Na Bisheshwar alipata nyongeza ya hotuba: kuanzia siku ile, baada ya machozi ya mama zetu, alisimulia jinsi alivyoukataa mtungi mlangoni kwake. Kipande hicho kilipendwa kuliko vyote.

Miaka ikaenda. Chama kikagawanyika, kikaungana, kikagawanyika tena, mpaka wanachama wenyewe walikuwa wanaulizana asubuhi wako upande gani leo. Watoto wa viongozi wakaenda kusoma shule za kigeni. Mlo wa Oktoba ukabaki. Wazee walikuwa wanapungua lakini njaa yao haikupungua, na Sonmati alikuwa palepale, ila sasa alikuwa anapika akiwa amekaa kwenye kigoda na kupumzika katikati ya mkate na mkate.

Oktoba moja akatokea Rinku.

Rinku ni mkaza mwana wa kule nyuma ya bwawa. Mdomo wake hauna breki na simu yake haina muda wa kulala. Alikuja na wenzake kula kama kawaida, akakaa mstarini, na Bwana Moshi alipovua miwani, Rinku akainua simu, akamrekodi mwanzo mpaka mwisho, na kabla chapati haijapoa alishairusha mtandaoni.

Kesho yake Bilat alikuja barazani mbio, kiti cha kunyolea kwapani. "Kaka, umekuwa mtu maarufu mtandaoni!"

"Wametazama wangapi?"

"Wengi kuliko kura zako zote za maisha. Zijumlishe, zidishe, bado."

Bisheshwar akavuta shati kunyoosha kola, kana kwamba wanamwona. "Wanasemaje?"

Bilat akakohoa. "Wanasema mambo ya vijana."

"Soma."

"Huyu anasema, 'Mzee anapigana na moshi, moshi wenyewe umesimama nyuma yake unasubiri amalize.'"

"Moshi gani?"

"Huyu anasema, 'Naombeni namba ya huyo moshi, anajua kujificha.' Huyu anasema, 'Babu umeukamata, ugeuke tu.' Huyu..." Bilat akasita. "Huyu anauliza, 'Yule mama wa jikoni ni wa chama gani?'"

"Lete hapa."

Akashika simu kwa mikono miwili. Akajiona. Alijipenda kidogo, kwa sekunde chache, ile sauti, kile kitambaa. Kisha akaona nyuma. Tangu siku ya kwanza spika iliwekwa pembeni ya mlango wa jikoni, kwa sababu waya wa umeme unapita pale, kwa hiyo kila alipohutubia aliupa mlango ule mgongo. Hakuwahi kuona kinachotokea nyuma yake. Sasa alikiona. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni kama shuka linalovutwa. Na ndani ya moshi akatoka mwanamke mdogo wa umbo, mkongwe, amejikunja, ameshika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja. Alikuwa anakohoa, lakini sauti ya kukohoa ilifunikwa na spika. Mabega tu ndiyo yalikuwa yanaruka. Mbele, Bisheshwar anafuta macho kwa kitambaa. Nyuma, yeye anafuta kwa ncha ya sari. Kisha makofi. Yule mwanamke aligeuka akarudi ndani.

Bisheshwar akairudisha. Akaitazama tena.

"Anakohoa hivi tangu lini?"

Bilat alikuwa anatazama wembe wake. "Kaka, unaniuliza mimi?"

Alitaka kuongea na Sonmati siku hiyohiyo. Kweli alitaka. Aliingia jikoni, akasimama, macho yakamchoma akatoka kabla hajapata sentensi ya kuanzia. Mtu wa hotuba, na sentensi ya kumwambia mkewe hana. Akajiambia ataongea wageni wa mwisho wakiondoka. Wageni wa mwisho hawakuwa wameondoka Sonmati alipoanguka uani na sufuria ya wali mkononi, midomo imebadilika rangi.

Patna, hospitalini, daktari kijana alishika picha ya mapafu juu kwenye mwanga. "Mzee, mkeo anavuta sigara tangu lini?"

"Hajawahi kuvuta."

"Basi wewe ndiye unayevuta, naye anavuta moshi wako."

"Na mimi sijawahi."

Daktari akaishusha picha, akamtazama Samta, ambaye alikuwa amesimama pale na sare yake ya uuguzi. Samta akasema taratibu, "Anapika, daktari."

"Ah," daktari akasema. Alisema mapafu ya namna ile hayarudi yalivyokuwa. Kinachowezekana ni kuyazuia yasizidi. Mashine ya hewa, dawa ya kuvuta, na moshi asiusikie tena hata kwa jirani.

Bisheshwar akarudi Belauna kuchukua nguo za Sonmati. Nyumba ilikuwa kimya na jiko limepoa. Akakaa kidogo, akainuka, na badala ya kufungua sanduku la nguo akashika njia ya bwawani. Alijiambia anaenda kuona gesi ya kitongoji imefikia wapi, ili kama bado, aanze kuisukuma, na ikifika nyumba ya mwisho, basi hata kwake iingie. Hata pale, masikini, alikuwa bado anaitafutia njia inayopitia kwenye msimamo.

Nyumba ya kwanza kulikuwa na mtungi. Ya pili, mtungi, umefunikwa kitambaa cha maua. Ya tatu ulikuwa umelala nje, tupu, mtoto ameukalia kama farasi. Alitembea kitongoji chote akichungulia milangoni kama mkusanya kodi, mpaka nyumba ya mwisho kabisa, ya Rinku, na hapo palikuwa na mwali wa moto wa bluu na birika juu yake.

Rinku alimwona akaficha simu. "Babu, kama ni ile video, naifuta sasa hivi."

"Gesi hii mmepata lini?"

"Hii? Mbona zamani. Mwaka ule wa mafuriko makubwa, serikali ilileta kwa nyumba zote. Mimi ndiyo nilikuwa bibi harusi mpya."

"Nyumba zote?"

"Zote. Sasa kuujaza ni ghali, kwa hiyo wali tunapikia kuni nje kwenye upepo, chai na mboga ndiyo gesi. Lakini upo." Akamtazama vizuri. "Babu, ulikuwa hujui? Si kila Oktoba unatusema? 'Mpaka nyumba ya mwisho kule.' Sisi tunakaa mstarini tunatazamana, tunasema labda ana maana ya nyumba nyingine."

Bisheshwar akakaa kwenye kizingiti bila kukaribishwa. Wamusahari wa kitongoji wamekula kwake miaka yote hiyo. Yeye kuja kukaa mlangoni kwao, akijaribu kukumbuka mara ya mwisho, aliona ilikuwa kuomba kura.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Bibi alijua," Rinku akasema.

"Bibi nani?"

"Bibi yako wewe! Mama Samta. Alikuwa anakuja hapa mchana, anasema ameishiwa chumvi. Chumvi gani inaisha kila siku? Anakaa hapo ulipokaa. Namchemshia chai, anaangalia moto. Ananiambia, 'Rinku, moto huu umesoma, haupigi kelele wala hautoi moshi.' Anapumua kidogo, anaenda zake. Nikamwambia, bibi, mwambie babu basi, yaishe. Akasema alishakuambia."

"Hakuniambia."

"Alisema alikuambia mkiwa mnatayarisha mkutano. Ukamjibu mtalizungumza baada ya mkutano. Nikamwambia akuambie tena. Akasema, 'Nikimwambia tena atanihutubia, na mimi hotuba ile naijua kwa moyo.'"

Alicheka Rinku, kisha akaona uso wa mzee, akaacha. Akamimina chai akampa. Bisheshwar aliishika hadi ikapoa. Alikuwa anaitafuta siku ile kichwani, siku aliyoambiwa, na kilichomuumiza ni kwamba hakuikosa. Aliipata. Alikuwa anagonga muhuri barua za mwaliko. Sonmati alisimama pembeni ya meza, mkono umeshika kiuno, akasema, "Baba Samta, kule nyuma ya bwawa nimeona mitungi." Na yeye, bila kuinua kichwa, alisema kweli maneno yale. Sonmati aliondoka, na muda si mrefu bomba likaanza kupuliza.

Wiki ile gesi iliingia nyumbani kwa Bwana Moshi. Hakukuwa na makofi. Bilat alimsaidia kufunga mpira, wote wawili wakiogopa utalipuka. Bisheshwar akapaka kuta za jikoni chokaa, akapanua dirisha kwa nyundo mpaka mbuzi angepita, na akapanda treni kwenda Patna akiwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe la mikutano, kama mtu anayeenda kuposa.

Sonmati alikuwa ameshatoka hospitali, amekaa kitandani nyumbani kwa Samta, karibu na dirisha la ghorofani, mpira mwembamba wa hewa puani. Alikuwa ametiwa mafuta nywele. Alionekana mdogo na amepumzika.

"Mama Samta," Bisheshwar akasema, "nimeweka gesi."

"Ehe."

"Na dirisha nimelipanua. Jiko linang'aa. Hata kibiriti hutumii, unazungusha tu. Twende nyumbani."

Sonmati alimtazama, akavuta hewa kwanza, maana siku hizi kila sentensi ilibidi aiwekee akiba. "Kwa hiyo nirudi jikoni."

"Hapana, sio..." akaanza.

"Umenipanulia dirisha. La jikoni." Akapumua. "Umenipakia chokaa. Jikoni. Tuseme nimerudi, baba Samta. Siku ya kwanza. Nakaa wapi?"

Bisheshwar, aliyekuwa na jibu kwa wakoloni, kwa mabepari, kwa makuhani, kwa polisi, akaipekua nyumba yake yote kichwani, chumba kwa chumba, akitafuta mahali ambapo Sonmati alizoea kukaa. Barazani ni wageni. Uani ni mstari wa mlo. Hata mstarini, mfagia choo alikaa, Wamusahari walikaa, na yeye aliyepika alikula mwisho, peke yake, amechuchumaa mlangoni, wenzake wakishanawa mikono.

"Nisamehe," akasema.

"Nilishakusamehe zamani. Ningefanya nini na hasira kwenye moshi ule, si ningekufa mapema." Akatabasamu kidogo, kikohozi kikamkamata, Samta akaja akamshika mgongo mpaka kikapita. Ilichukua muda mrefu.

Pumzi zilipomrudia, Sonmati akasema, "Ulinipenda, najua. Hukuruhusu niitwe kwa tabaka langu. Hakuna mtu aliyenitukana kwenye nyumba yako. Lakini mimi nakaa hapa. Hapa napumua. Wewe nenda, watu wako watakuja Oktoba."

"Watakula nini?"

Ilimtoka kabla hajafikiri. Samta akageuka akatazama nje. Sonmati aliziba mdomo kwa sari, akicheka, akijizuia kucheka kwa sababu kucheka pia kunakula hewa, na machozi yakamtoka, safari hii bila moshi.

"Nenda, baba Samta," akasema. "Nenda tu."

Oktoba walikuja. Wachache, lakini walikuja, na mikongojo yao na njaa yao. "Shemeji yuko wapi?" wakauliza.

"Amekataa kurudi," Bisheshwar akasema.

Wakacheka, wakijua ni utani wa Bwana Moshi. Hakucheka. Bilat alikuwa kaburuta spika, akamwashia. Bisheshwar akashika kipaza sauti, akageuka akautazama mlango wa jikoni, akasema, "Leo hakuna hotuba. Mchele haujaoshwa. Viazi havijamenywa. Anayetaka kula aje huku." Akaizima.

Kulikuwa na minong'ono. Mmoja alikumbuka treni yake. Mwingine alisema mgongo. Yule mzee aliyepiga makofi siku ya mtungi alisema yeye hajawahi kuingia jikoni maishani mwake, na alilisema kama cheti. Walibaki Bilat, na Rinku na watu wake watatu wanne wa nyuma ya bwawa, waliokaa wakamenya viazi huku wakiwatania wale wazee wawili wanavyoshika kisu. Wali uliungua chini na ukawa mbichi juu. Wakala hivyohivyo.

Alasiri, wageni wakiwa wameondoka, Bisheshwar akampigia mkewe simu.

"Mmekula?" Sonmati akauliza.

"Tumekula. Nimepika mimi."

"Wali?"

"Umeungua."

Akasikia kitu kama kicheko, kisha ile sauti ya hewa, ikipanda na kushuka, ikikwaruza. Alitaka kumwambia mengi, na kila alilolifungua lilianza kama hotuba, akaliacha.

"Vyombo nani kaosha?" akauliza Sonmati.

"Bado."

"Basi kaoshe, wali ukikauka hautoki," akasema, na akakata, kwa sababu pumzi zilikuwa zimeisha.

Bisheshwar akaiweka simu dirishani. Masufuria yalikuwa yamerundikwa uani mpaka kiunoni kwake, meusi, makubwa, ya kulisha chama kizima. Akachuchumaa, magoti yakalia, akachukua la kwanza. Hakujua majivu ya kusugulia Sonmati alikuwa anayaweka wapi, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.